Roboti ya kufuata mpira: anza na OpenCV

Ndugu yangu, umeuliza utumie OpenCV (maktaba ya programu za kuchakata picha) au YOLO (modeli ya akili bandia ya kutambua vitu pichani) ili roboti yako yenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 iuone mpira mwekundu na kuufuata. Anza na OpenCV, tena kwa lugha ya programu ya Python. Ni ya bure, ilianzia Intel mwaka 1999, na mifano ya kujifunzia imejaa tele.

YOLO ni nzuri, lakini kazi yake ni kutambua vitu vya aina nyingi. Kwenye Pi peke yake, bila kifaa cha kuiongezea kasi, itakupa picha chache kwa sekunde, na mpira utakuwa umeshapita. Wewe rangi peke yake inakutosha.

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana ndipo ilipoishia Jumamosi yangu nzima. Geuza picha kutoka BGR (rangi kwa viwango vya bluu, kijani na nyekundu) kwenda HSV (aina ya rangi, ukolevu wake na mwangaza wake). Katika OpenCV namba za H, yaani aina ya rangi, huanzia 0 hadi 179, na wekundu umekaa kwenye ncha zote mbili. Kwa hiyo chuja mara mbili, 0 hadi 10 na 170 hadi 179, kisha unganisha matokeo. Ukichuja upande mmoja tu, mpira unaonekana vipande vipande na roboti inayumba kushoto na kulia.

Punguza picha iwe pikseli 320 kwa 240. Zima pia urekebishaji wa rangi unaofanywa na kamera yenyewe, la sivyo jua likiingia dirishani utaanza upya.

Baadaye ukitaka roboti ijue iko wapi chumbani, ArUco, mfumo wa alama za miraba myeusi na myeupe ambazo kamera huzitambua, imo humohumo ndani ya OpenCV: unachapisha alama hizo kwenye karatasi na kuzibandika ukutani.