Lincoln Continental ilivyonila kiwanja cha Kigamboni

Juzi kijana mmoja wa Houston kaniandikia: "Shikamoo anko. Nimepata Lincoln Continental ya 1966, ile ya paa la kukunja. Jamaa anataka dola 14,000. Paa halifanyi kazi ila anasema ni swichi tu. Nichukue?" Kaambatisha picha nne, zote zimepigwa kwa mbali, jua la jioni, gari linang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

Marahaba, mwanangu. Nilitaka kukujibu kwa mstari mmoja, lakini hilo "swichi tu" limenitonesha kidonda. Basi jibu lako litakuwa refu, na litasomwa na wenzako pia.

Kwanza, najua kwa nini unalitaka, maana na mimi nililitaka hivyo hivyo. Nyumbani kwa babu, Tanga, sebuleni zilining'inia picha mbili, ya Nyerere na ya Kennedy. Mwalimu alikwenda Washington Julai 1963 wakaonana, na Novemba mwaka ule Kennedy akapigwa risasi Dallas, amekaa kiti cha nyuma cha Lincoln Continental ya 1961. Babu hakuwahi kumiliki hata pikipiki, lakini gari lile alilizungumzia kama ndugu aliyekuwepo msibani. Nimekua na gari hilo kichwani, nikaja nalo mpaka Ohio.

Na kusema kweli, ni gari lenye haki ya kupendwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Lincoln ilikuwa hoi. Magari yake ya 1958 hadi 1960 yalikuwa majitu, karibu mita 5.8 kwa urefu, mapambo kila kona, na hayakuuzika. Ndani ya Ford, kampuni mama ya Lincoln, kulikuwa na mawazo ya kuifuta Lincoln kabisa. Mbunifu wao, Elwood Engel, alikuwa amechora umbo la kupendekeza Thunderbird mpya, gari lingine la Ford. Robert McNamara, huyu huyu aliyekuja kuwa Waziri wa Ulinzi wa Kennedy, akaliona, akauliza kama linaweza kurefushwa liwe Lincoln ya milango minne. Likarefushwa kidogo tu. Gari la 1961 likatoka fupi kuliko lililotangulia kwa karibu sentimeta 38, ubavu umenyooka, kromu imebaki ukingoni mwa juu basi. Wenzake wengi walikuwa bado wanatembea na mikia kama papa.

Ile milango ya nyuma inayofunguka kinyume, ambayo leo kila mtu anaipigia picha, haikuanza kama madoido. Inasimuliwa kwamba wahandisi walipokaa kiti cha nyuma cha gari la mfano walishindwa kushuka bila kugonga mlango kwa miguu. Wakahamishia bawaba nyuma, tatizo likaisha. Injini ilikuwa V8 ya lita saba, na kila moja ilikimbizwa kwa majaribio kwa muda wa saa tatu nzima kabla haijafungwa kwenye gari. Wakatoa dhamana ya miaka miwili au maili 24,000, jambo ambalo Detroit halikuwa limezoeleka. Kiwanda kilikuwa Wixom, Michigan.

Nimekwenda Dearborn mara mbili kuliona lile la Kennedy kwenye jumba la makumbusho la Henry Ford. Watu wengi hawajui kuwa baada ya Dallas halikutupwa. Lilivuliwa, likavikwa bamba za kuzuia risasi na paa gumu, likarudi Ikulu kuwabeba marais waliofuata mpaka 1977. Nilisimama mbele yake muda mrefu hadi mlinzi akaniuliza kama niko sawa.

Basi, nikanunua la kwangu. Lilikuwa la 1965, sedan, jeusi, kwa mzee mmoja nje kidogo ya Columbus, dola 6,500. Nilikwenda Januari, baridi ya kukata masikio, sikutaka hata kuinama. Zulia jipya! Jekundu, linanukia duka. Nikajisemea mtu aliyeweka zulia jipya ni mtu anayejali gari lake. Nililipa hapo hapo, taslimu, nikamrushia mama watoto picha. Akajibu: "Zuri. Hela ya kiwanja ipo?"

Hela ya kiwanja ilikuwepo, wakati huo.

Sikiliza, haya magari hayana chesisi ya kutenganishwa na bodi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na ni zaidi ya tani mbili. Sakafu ikioza, hujapata tundu la kuziba kwa bati, umepata nyumba iliyoliwa na mchwa msingi. Fundi wa kwanza aliyenyanyua lile zulia aliita wenzake waje waone. Niliona zege la gereji kupitia sakafu ya dereva, ukubwa wa sahani ya pilau.

Nikalipeleka gereji moja, siitaji, iliyokuwa na picha nzuri nzuri ukutani. Walikaa nalo miezi kumi na nne. Nikipiga simu ni "wiki ijayo". Nikienda, limesogezwa kona nyingine. Siku nalichukua lilikuwa linawaka kweli, nikawasamehe yote, mpaka mvua ya kwanza. Walipaka puti juu ya kutu, wakapiga rangi juu ya puti. Msimu mmoja tu, rangi ikaanza kuvimba chini ya milango kama mandazi. Miezi iliyofuata sina haja ya kuisimulia. Jumla ilifika dola 31,000. Aliyekuja kulithamini kwa ajili ya bima alilizunguka dakika kumi, akagonga ubavu kwa kidole, akaandika 17,000. Kiwanja cha Kigamboni kilikwenda kwa mtu mwingine, kajenga, na mama watoto huwa ananitumia picha za ile nyumba bila kuandika neno.

Kwa hiyo nikikwambia usinunue gari bovu kwa sababu ni rahisi, naongea kama mtu aliyelipa karo ya somo hilo. Soko la magari haya halikurudishii ulichotumia. Linakulipa kwa gari lilivyo siku ile. Rangi, kromu na viti vya sedan vinagharimu sawasawa na vya gari la paa la kukunja, lakini wakati wa kuuza, la paa la kukunja lililo zima huuzwa hata mara mbili ya sedan. Liliundwa kuanzia 1961 hadi 1967 tu, na ya 1967 hayafiki 2,300. Hiyo ndiyo inayokutoa udenda, najua. Ila neno ni "zima".

Sasa nije kwenye swichi yako. Paa la gari hilo ukibonyeza kitufe, mfuniko wa buti unafunguka kwa kuelekea nyuma, si kama buti la kawaida. Kisha paa lote linajikunja, linaingia ndani ya buti, mfuniko unajifunga. Huoni hata kipande cha turubai. Ni uchawi wa kutazama. Nyuma ya uchawi huo kuna pampu ya haidroliki, mota, relei, na swichi nyingi zilizofichwa, kila moja inasubiri mwenzake amalize ndipo imruhusu anayefuata. Moja ikigoma, msafara wote unasimama, paa limesimama wima kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Muuzaji wako anaweza kuwa mkweli kabisa kwamba ni swichi. Muulize ni ipi. Na kama anaijua, kwa nini hajaibadilisha, wakati gari linalofunga na kufungua lingemwongezea maelfu?

Hata waipa za hayo magari hazisukumwi na umeme, zinasukumwa na mafuta ya stering. Fundi wa Camry hatakusaidia. Kabla hujanunua, tafuta fundi anayezijua Lincoln za miaka hiyo, mlipe siku yake moja, aende na taa na kijiti cha kugonga. Nenda na fundi. Nasema tena, nenda na fundi. Vijana mnaona uchungu kumlipa fundi dola 300, halafu mnaingizwa mjini kwa 14,000.

Angalia namba ya gari pia. Mwanzoni utakuta tarakimu ya mwaka, kisha Y ya Wixom, kisha aina ya bodi: 86 ni la paa la kukunja, 82 ni sedan. Gari lako linapaswa kuanza 6Y86. Na tangazo likitaja Kennedy, hasa kwa gari ambalo limetengenezwa miaka mitatu baada ya kifo chake, mjue huyo muuzaji anauza nini.

Tatizo letu sisi wa ughaibuni, na najiweka wa kwanza, tunanunua vitu ili vionekane nyumbani. Mtu hana akiba ya miezi miwili, anataka apigwe picha kaegemea Lincoln. Nilipeleka ile picha kwenye makundi matatu ya ukoo kabla sijalipia hata bima. Walinipongeza. Hakuna aliyeuliza sakafu.

La pili nililinunua baada ya kuuza lile kwa hasara na kukaa miaka minne bila gari la kale. Ni la 1964, sedan vile vile, rangi ya samawati imefifia juu ya boneti, viti vimepasuka kidogo upande wa dereva. Lilikuwa la familia moja tangu mwanzo, risiti zote zipo ndani ya boksi la viatu. Nililipa dola 15,500, watu wakaniona mjinga kwa kununua gari lililochakaa kwa bei hiyo. Sijaligusa zaidi ya breki, matairi na kabureta. Majira ya joto yaliyopita, kwenye maonyesho ya magari hapa mjini, mzee mmoja wa Kimarekani alipita magari manne yaliyopakwa rangi mpya, akaja kwangu, akafungua mlango wa nyuma, akainama, akatazama chini ya zulia. Akainuka, akanipa mkono. Hakusema kitu. Sijawahi kupewa mkono mtamu kama ule, na mama watoto alikuwepo, aliona.

Kijana wangu, nilikuomba jana upige picha ya sakafu. Umenitumia. Nimeona zulia jipya, safi kabisa.

Linyanyue.