Nimefukuzwa kwa "kukosa uaminifu", nipinge au niache yaishe?

Swali: Nimefanya kazi miaka 6 bila hata onyo. Safari moja nilipoteza risiti ya teksi nikajiandikia nyingine, kiasi kilekile nilicholipa kweli. Wakagundua, wakaniita, nikasaini maelezo, kesho yake barua ya kufukuzwa. Sijaiba hata senti. Nipinge?

Jibu: Pole sana ndugu yangu. Kwanza hilo la "sijaiba hata senti" usilifanye nguzo yako, nimekaa kwenye vikao vya nidhamu vingi na hoja hiyo huwa inawaponza watu, maana kosa la uaminifu sio lazima mtu apate hasara, swali ni je ulileta karatasi ya kughushi ukitaka waamini ni ya kweli, na hapo jibu unalijua mwenyewe. Halafu mwajiri habanwi kuthibitisha kama kesi ya jinai. Kule Uingereza tangu kesi ya Burchell, 1978, mahakama za kazi zinaangalia kama mwajiri aliamini kweli kwamba umefanya, alikuwa na msingi wa kuamini hivyo, na alichunguza vya kutosha. Basi.

Ila ningekuwa wewe ningepinga. Sio kukana risiti, ukikana umekwisha, unapinga adhabu na namna walivyokufukuza. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1982, unataka mtu asiachishwe kwa ajili ya mwenendo wake kabla hajapewa nafasi ya kujitetea, na mzigo wa kuthibitisha sababu usimwangukie yeye peke yake. Unazibana nchi zilizouridhia tu, lakini hilo la kusikilizwa kwanza utalikuta hata kwenye sheria za baadhi ya nchi ambazo hazijauridhia. Sasa wewe leo umeitwa kesho barua, ulipewa tuhuma kwa maandishi? muda wa kujiandaa je? aliyechunguza ndo huyohuyo aliyeamua? na hayo maelezo uliandika kwa maneno yako au ulikuta yameshachapwa we ukaambiwa weka sahihi hapa?

Na wenzako. Kama kuna aliyewahi kufanya kama wewe akaishia kupewa onyo, hiyo hoja ni nzito kweli, ila uwe na uhakika, "nasikia fulani naye" haisaidii kitu.

Kinachonitisha mimi ni siku. Ujerumani unapewa wiki 3 tu kwenda mahakama ya kazi, Tanzania na Afrika Kusini siku 30, kwa hiyo ulizia kwenu leo hii, na uulize pia kama rufaa ya ndani inasimamisha hizo siku maana kuna sehemu haisimamishi na watu wanasubiri majibu ya bosi mpaka mlango unafungwa.

Kurudi kazini sikupi matumaini sana, uaminifu ukishavunjika mwajiri hupambana usirudi. Kesi nyingi za namna hii nilizoziona ziliishia kwenye usuluhishi, mtu analipwa kiasi na cheti cha utumishi kinaandikwa bila neno baya, na kwa anayetafuta kazi nyingine hicho cheti wakati mwingine kina thamani kuliko hela. Wakikuletea karatasi ya kujiuzulu wakisema ni kwa faida yako, usisaini hapohapo, ukishajiuzulu ni kazi kweli kusema ulifukuzwa.

Yale malipo ya teksi kama ulilipa kwa simu, toa taarifa ya miamala ya siku ile kabla ya kitu kingine chochote. Haifuti kosa la kughushi, ila inaonyesha hukuwa unatafuta faida, na adhabu ndo inapopimwa hapo.