Aache kupiga, arushe tu?

SWALI: Mwanangu ana miaka 12 na anacheza kriketi katika klabu moja hapa Nairobi. Anarusha legispini (mpira unaozungushwa ili ugeuke ukidunda), na ndoto yake ni kuwa kama Collins Obuya aliyechezea Kenya. Kocha anataka aache mazoezi ya kupiga, abaki na kurusha tu. Nikubali? – Mama, Kawangware

JIBU: Hapana, mama, usikubali. Obuya mwenyewe ni ushahidi tosha. Alizaliwa Nairobi mwaka 1981, na kabla ya kriketi kumlipa aliwahi kuuza nyanya. Februari 2003, kwenye Kombe la Dunia, aliwaangusha Sri Lanka pale Nairobi Gymkhana kwa wiketi 5, yaani aliwatoa wapigaji watano, akiwaruhusu mikimbio (alama) 24 tu. Wapigaji nyota Jayawardene na Sangakkara walikuwa miongoni mwa waliotolewa. Mwaka huohuo klabu ya Warwickshire ya Uingereza ikamsajili. Kisha urushaji ukafifia. Kilichomrudisha ni kupiga: mwaka 2011 kule Bengaluru alifikisha mikimbio 98 dhidi ya Australia bila kutolewa. Angekuwa mrushaji mtupu, angesahaulika mapema.

Legispini ndiyo kazi inayopotea upesi kuliko zote uwanjani, kwa hiyo misingi iangaliwe sasa. Kidole cha shahada na cha kati vikingame juu ya mshono wa mpira. Cha pete kikunjwe na kukaa juu ya mshono wenyewe, maana ndicho kinachozungusha. Mpira udunde mita 3 hadi 4 mbele ya vijiti vya mpigaji. Ukidunda mapema mno, ameuachia kwa kuchelewa, mara nyingi kwa sababu anatafuta kasi. Ukimfikia mpigaji bila kudunda, ameuachia mapema. Kwa umri wake, umbali kamili wa mita 20.12 kati ya vijiti vya pande mbili ndio unaomlazimisha kuvurumisha. Aanzie mita 16, asogee nyuma kadiri mzunguko unavyobaki.

Gugli, yaani mpira unaofanana na legispini lakini hugeukia upande wa pili, isubiri. Watoto huipenda kwa kuwa inahadaa, lakini bega hushuka polepole na mpira wa kawaida hukataa kugeuka. Kuurudisha ni kazi ya miezi.

Mpira wa wanaume wazima una gramu 156 hadi 163. Wa watoto chini ya miaka 13 ni gramu 133 hadi 144, tena mdogo kidogo. Kabla ya kulipa dukani, mwambie aushike: kidole cha pete kisipokaa vizuri kwenye mshono, muuzaji alete mdogo zaidi.