Maswali ya sikukuu Dar: mnasikiliza nyuma ya ukuta alafu mnasema muziki umekufa

Desemba ndo hii, joto la Dar mnalijua, na simu yangu haipumui, kila mtu anauliza Krismasi na mwaka mpya tutokee wapi. Nimechagua machache. Wale wa "dada weekend kuna nini" bila kusema upo upande gani wa mji, mko wangapi, mna watoto au hamna, siwezi kuwajibu jamani, mji huu unaanzia Bunju unaishia Chanika.

*Shikamoo dada. Wazazi wangu wanakuja kutoka Bukoba, wote wamepita miaka 70, ni mara yao ya kwanza Dar. Niwapeleke wapi mbali na beach? (Kitinda mimba, Tabata)*

Marahaba mdogo wangu, na umeniuliza swali nililokuwa nalisubiri. Wapeleke Kijiji cha Makumbusho, pale Kijitonyama barabara ya Bagamoyo. Maelfu ya watu kila siku wanamwambia konda "Makumbusho shusha", wanashuka, wanapanda gari nyingine, na hiyo makumbusho yenyewe iliyokipa kituo jina hawajawahi kuiingia hata siku moja. Mle ndani kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali, zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, na msonge wa Kihaya upo. Sasa fikiria mzee wako wa Bukoba anasimama mbele ya msonge katikati ya Dar, ataanza kukusimulia mwenyewe babu yake alikuwa analala upande gani na ng'ombe wanakaa upande gani, mambo ambayo hujawahi kuyasikia maana wewe ulizaliwa nyumba ya bati. Washa simu urekodi sauti yake, hiyo ndo zawadi yako ya Krismasi.

Kama mguu wa mama bado una nguvu, siku nyingine wapeleke Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert, posta, jirani na bustani ya mimea. Ilifunguliwa 1940. Kuna habari ya fuvu la zamadamu Zinjanthropus aliloliokota Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, kuna magari ya Mwalimu, wazee wa umri ule wakiona gari la Mwalimu wanakaa kimya kwanza. Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, na usiende tarehe 25 yenyewe, nenda siku za katikati. Halafu mkikuta ngoma inachezwa pale Kijijini msisimame na simu juu mkirekodi tu, watuzeni wachezaji. Noti ya elfu mbili mkononi mwa mpiga ngoma haikufilisi.

*Coco kiingilio bei gani?*

Ufukwe wa Coco hauna kiingilio. Hili swali nimelijibu mwaka jana na mwaka juzi.

Ambalo hamniulizi ndo la muhimu: maji. Pale kuna miamba na maji yanajaa haraka, ikiwa bamvu yanatoka mbali sana mtu anatembea huko chini anaokota konokono, akija kugeuka njia aliyopita imeshakuwa bahari. Kila sikukuu kuna wazazi wanazunguka Coco wanalia wamepoteza mtoto. Mvalishe nguo ya rangi kali, andika namba yako ya simu kwa peni ya wino mkononi mwake, na mkubwa mmoja kati yenu awe hanywi kabisa siku hiyo, kazi yake ni kuhesabu vichwa. Mihogo na mishikaki mtakula mkishatoka majini.

*Dada, mwanangu ana miaka 9, wenzie wa mtaani wanaenda disko toto siku ya sikukuu, wenye ukumbi wanasema kuna walinzi. Nimruhusu? (Mama Junior, Mbagala)*

Hapana.

Nielezee, maana ukisema hapana tu mtoto atatoroka na wenzie. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd, pale Tabora, watoto 20 walikufa ndani ya ukumbi wa disko. Hapakuwa na moto wala jambazi. Walijazwa kupita uwezo wa ukumbi, hewa ikaisha, wakakanyagana. Walitoka nyumbani wameogeshwa, wamevaa nguo mpya, wamepewa hela ya soda, kama atakavyotoka Junior. Polisi wanatoa katazo la disko toto karibu kila sikukuu inapofika na bado watu wanafungua kumbi uchochoroni, spika mbili, mlango mmoja, madirisha yamezibwa kwa mapazia ili giza liingie. Mlinzi anazuia mtu asiingie bila tiketi, hewa haleti yeye. Mama Junior, kusanya hao watoto wa mtaa sita saba, tandika mkeka uani, weka mziki wa simu na spika ndogo, pika pilau, watacheza mpaka walale. Mimi hili silitanii na silizoei.

*Eti Msondo na Sikinde bado zipo? Baba yangu anazitaja kila Desemba. Siku hizi si muziki wa dansi umekufa? (Kijana wa Sinza)*

Haujafa mdogo wangu. Na neno hilo "umekufa" linaniuma, kwa hiyo vumilia nitaandika kirefu.

Msondo asili yake ni NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, 1964. Chama kikabadilika ikaitwa JUWATA, kikabadilika tena ikawa OTTU, jina linahama bendi inabaki, mpaka leo tunasema Msondo Ngoma. Sikinde ni Mlimani Park, ilianza 1978 na baadae ikachukuliwa na DDC, shirika la mkoa, na hilo jina la sikinde ni la ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa mji huu huu unaokaa wewe. Marehemu mzee Muhidin Gurumo aliimba NUTA, akawa kati ya walioanzisha Mlimani Park, akaja kurudi Msondo, tukamzika 2014. Baba yako anapozitaja hizi bendi sikukuu ikifika ni kwa sababu enzi za kizazi chao zilipokutanishwa jukwaa moja mji uligawanyika kama Simba na Yanga.

Sasa sikiliza kilichobadilika. Zamani mwanamuziki wa bendi hizi alikuwa mwajiriwa, ana mshahara kama karani, magita na tarumbeta ni mali ya taasisi, hata wakija watu ishirini ukumbini yeye mwisho wa mwezi atakula. Hayo yamekwisha. Sa hivi mlango ndo mshahara. Chukua bendi ya watu kumi na tano, waimbaji wanne, magita solo rithm na besi, wapulizaji, drams, tumba, weka na fundi mitambo na gari la kubeba vyombo, alafu gawanya hela ya getini uone kila mmoja anaondoka na ngapi saa tisa usiku akitafuta bodaboda ya kurudi nyumbani.

Idd iliyopita nilikuwa kwenye ukumbi mmoja wa uswahilini, nimelipa nimeingia, ndani tuko wachache tunapishana kwa nafasi. Nikatoka nje kupokea simu. Nyuma ya ukuta viti vimepangwa, watu wamejaa kuliko ndani, meza zina chupa nne tano, wanaimba kila wimbo neno kwa neno, na kiingilio kilikuwa bei ya bia mbili tu. Nikamuuliza kaka mmoja mbona huingii, akanijibu "dada si tunasikia tu hapahapa". Unasikia ndio, ila yule anayepuliza saksafoni hujamlipa. Mwaka kesho bendi ile ikivunjika huyo kaka atakuwa wa kwanza kusema wasanii wa zamani tumewatupa, na akifa mmoja atachangia msiba elfu tano. Hiyo elfu tano ipeleke getini mtu akiwa hai.

Kwa hiyo kijana wa Sinza, kuanzia wiki ya Krismasi sikiliza redio na angalia kurasa za bendi zenyewe, matangazo yanatoka siku chache kabla. Mchukue baba, mlipie, umwache acheze. Kama mambo yenu ni singeli, ni hivyohivyo, singeli ni mtoto wa Manzese na Tandale, na yule emsii anayekata pumzi pale naye anahitaji kiingilio chako.

*Sabasaba mwaka huu inaanza lini?*

Tuko Desemba mpendwa. Sabasaba ni mwisho wa Juni mpaka katikati ya Julai, viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa, na jina lenyewe ni 7 Julai, siku ilipozaliwa TANU 1954.

*Mbudya au Bongoyo? Tuko wachumba tu. (K na M, Ubungo)*

Bongoyo mnapandia Msasani pale Slipway, Mbudya mnapandia upande wa Kunduchi. Visiwa vyote viwili viko ndani ya hifadhi ya bahari, kuna ada ya kuingia na kuna ya boti, ulizeni zote mbili kabla hamjapanda. Mimi nachagua Mbudya. Ila siku ya sikukuu mtu wa boti atataka kuongeza "wawili tu wa mwisho". Ukiona jaketi za kuokolea hazitoshi idadi ya watu, shuka, hata kama umeshalipa, hata kama mchumba atakuona muoga. Meli ya Spice Islander ilizama 2011 ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na Skagit ikazama 2012 ikitoka hapahapa Dar kwenda Zanzibar. Bahari ya kaskazi mchana inaweza kuchafuka mkiwa mmeshakula samaki mmelala kivulini, rudini mapema.

*Nimetuma elfu 30 kwa namba iliyokuwa kwenye tangazo la shoo la wasap, sasa namba haipatikani. Nifanyeje?*

Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma hapa, uombe muamala uzuiwe, alafu nenda polisi na ile meseji ya muamala. Wengine wote: tangazo la wasap lisiloonyesha ukumbi, na ukiupigia ukumbi hawalijui, hilo si la kutumia hela.

*Dada nimechoka baa na beach. Mji huu hauna kingine? (Mfanyakazi, Mikocheni)*

Unakaa Mikocheni na unaniuliza mimi! Kwenye viwanda vya hukohuko kwenu kuna Nafasi Art Space, ipo tangu 2008, wachoraji na wachongaji wana studio mle, unaingia unawaona wakifanya kazi, unaongea nao. Toka hapo nenda Oysterbay, Morogoro Stores, kwenye chama cha wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za kawaida za dukani kwenye vipande vya ubao, akafa 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, alikuwa bado kijana, na leo mchoro wa mtindo wake uko sebuleni kwa watu dunia nzima isipokuwa kwako. Ukitaka vinyago vya Kimakonde nenda Mwenge. Bei mtaelewana, lakini usimshushe fundi mpaka anabaki na bei ya mpingo, kile kinyago kimekula siku zake.

*Mkesha wa mwaka mpya tunachoma matairi mtaani kwetu, kuna ubaya?*

Upo, ni kosa na moshi unaingia chumbani kwa mwenye pumu na kichanga. Acheni.

*Kigamboni tupite pantoni au daraja? Tuko familia ya watu nane. (Baba Rehema, Kimara)*

Pantoni, kaka. Daraja la Nyerere ni zuri, mita 680, lipo tangu 2016, ila mkiwa ndani ya gari dakika moja mmeshavuka na watoto hawajaona kitu. Pandeni mwendokasi kutoka Kimara mpaka Kivukoni, tembeeni hadi Feri muone soko la samaki, alafu mvuke kwa mguu, nauli imekuwa shilingi 200 kwa mtu miaka na miaka. Mnaporudi msisubiri saa kumi na mbili jioni, foleni ya wanaorudi kutoka beach inajaa mpaka nje ya geti. Saa tisa na nusu muwe mmeshapanda, na Rehema mshike mkono mlango unapofunguka maana watu wanatoka kwa kukimbia.