Maswali yenu ya mchuma: 404 ya Safari, Bentley ya mahakamani na kibati cha ribiti mpya

Wiki hii simu imejaa Peugeot 404 tu. Sijui nani kaanzisha, ila naona kila mtu hapa Tanga ana shemeji anayeuza gari iliyokimbia Safari Rally. Haya tuanze nazo hizo hizo.

Shikamoo mzee. Nipo Pongwe, kuna babu anauza 404 anasema ilimaliza Safari ya 1963. Bei yake ndefu kweli kweli. Nichukue?

Marahaba mwanangu. Safari ya 1963 waliondoka 84 wakamaliza 7, na walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff na walikua na 404 kweli, kwahiyo babu hajaokota habari hewani. Shida ni kwamba mi mwenyewe kuanzia Muheza mpaka Horohoro nshaonyeshwa 404 tatu za "sitini na tatu", na zote zilimaliza! Kwa hesabu hiyo karibu nusu ya waliomaliza walikuja kupumzikia Tanga.

Simuiti babu muongo lakini. Unajua Bert Shankland alikua mkazi wa hapa hapa Tanzania, kashinda Safari 1966 akarudia 1967 na 404, sasa fikiria kijana wa enzi hizo mwenye 404 yake ya kwendea shamba la mkonge, si ataibandika sitika na taa mbili za ziada mbele ajione Shankland? Ilikua raha tu. Ila mwenye gari kafa, gari imerithiwa, imeuzwa, imeuzwa tena, na ile sitika ya raha sasa hivi imekua ushahidi.

Wewe usiangalie sitika, lala chini ya gari. Gari ya mashindano inaacha makovu: pale palipofungwa bati la kukinga injini patakua na matundu ya bolti, sehemu zinazobeba shokapu utakuta zimeongezwa bati na kuchomelewa, kwenye dashibodi matundu ya saa na mita za ziada, mengi yamezibwa na fundi wa baadae aliyetaka gari ya familia. Mi tundu lililozibwa zamani naliamini kuliko tundu lililo wazi, maana mwongo anatoboa, hazibi. Alafu muombe picha ya wakati ule inayoonyesha plate namba, ufananishe na kadi, na kadi ifuatwe mwenye baada ya mwenye bila kuruka mtu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Akikosa vyote hivyo mpe bei ya 404 nzuri ya kawaida, na 404 nzuri ya kawaida si kitu kidogo.

Mi na shemeji yangu hatusalimiani tangu Ijumaa. Yeye anasema gari ukibadilisha injini na bodi sio ile tena, mi nasema ni ile ile. Nani mkweli?

Mmegombania jambo lililopelekwa mahakamani London, na wenzenu walikua wanagombania pauni milioni 10.

Kuna Bentley Speed Six inaitwa Old Number One, ilishinda Le Mans, zile mbio za saa 24 za Ufaransa, 1929 na 1930, usukani ukiwa kwa Woolf Barnato na wenzake. Baadae ikawekewa injini kubwa ya lita 8, na 1932 ikapata ajali mbaya kule Brooklands, uwanja wa mbio wa Uingereza, dereva wake Clive Dunfee akafa. Ikajengwa upya, ikavaa bodi nyingine, ikaendelea kubadilishwa badilishwa miaka na miaka. Sasa mwenye nayo kakubaliana na kampuni moja iinunue kwa hizo milioni 10, kampuni ikaja kugoma, ikasema hii sio iliyoshinda Le Mans, vyuma vya 1929 vilivyobaki humo ni vya kuhesabu.

Hukumu ikatoka 1990. Jaji kakubali kabisa kwamba gari sio orijino, yaani haipo kama ilivyotoka kiwandani wala kama ilivyovuka mstari Le Mans. Lakini kasema ni halisi, kwa sababu haikuwahi kufa, kila badiliko lilifanyika kwenye gari ile ile, historia yake haijakatika, na hakuna Bentley nyingine popote inayoweza kusimama ikadai jina hilo. Kampuni ikashindwa.

Mkiona Kizungu nendeni Deep Sea mkamuulize mvuvi mashua yake ya lini. Atawaambia ya babu yake, na hapo mbao zote kabadilisha, mataruma kabadilisha, mkuku umetiwa mpya, na tanga lenyewe la mwaka jana. Lakini hajasema uongo, maana haikupita siku mashua ile ikawa haipo. Sasa mwambie shemeji yako kwamba kwenye orijino kashinda yeye, kwenye halisi umeshinda wewe, na msalimiane.

Kibati cha namba ya chesisi kipo na kinasomeka. Si inatosha?

Haitoshi. Kibati kinafungwa na ribiti, na ribiti inang'olewa kwa dakika mbili. Mi nilipigwa hivyo hivyo na dalali mmoja, Ford Escort safi, kibati safi, nikalipa huku nacheka, ndo nafika nyumbani naona kibati cha miaka ya sabini kimeshikiliwa na ribiti zinang'aa kama meno ya dhahabu. Angalia namba iliyogongwa kwenye bati lenyewe, na uangalie kama bati la pale limekatwa na kuchomelewa. Na asikutishe mtu na kitabu cha gari za zamani cha FIA, wale wasimamizi wa mbio za magari duniani, kile kinasema gari imejengwa kwa vipimo vya zama zake iruhusiwe kushindana, hakisemi kwamba ndo ile ile. Replika nayo inakipata.

Inakuaje gari mbili zina namba moja na wote wanaapa ni yao?

Bila mwizi hata mmoja inawezekana yakhe. Chukua Jaguar D-Type, ile iliyotamba Le Mans 1955 mpaka 1957. Zile za kuanzia 1955 fremu ya mbele imefungwa kwa bolti kwenye bodi, unaifungua. Na namba imegongwa kwenye fremu hiyo. Gari imegongwa mbele, fundi wa timu kachukua fremu ya gari jingine kafunga, mbio zinaendelea, nani ana muda wa kuandika? Miaka 30 baadae mmoja ana fremu yenye namba, mwingine ana bodi iliyobaki, kila mmoja kajenga kipande kilichokosekana na kila mmoja ana gari nzima. Wote wana haki nusu, na soko halinunui nusu. Wenye akili huwa wanatafutana, wanabadilishana vipande kimya kimya. Wenye hela wanaenda kwa wakili.

Dada wa Raskazone hapa. Mume wangu anataka fundi wa Ngamiani aigeuze Datsun ya marehemu baba iwe kama 240Z iliyoshinda Safari 1971. Ni kosa kisheria?

Pole kwa mzee, dada. Kosa hamna, gari ni yenu, wachore namba 11 ubavuni waitie matope mpaka kwenye taa. Ile yenyewe ipo Japani, Nissan wanaitunza, kwahiyo hakuna wa kumdanganya hapo.

Ninachowaomba ni viwili. Kwanza kadi ibaki kama ilivyo, na mpige picha kila hatua muweke kwenye bahasha ndani ya gari, maana nyie mnajua ni kopi, mjukuu hatojua. Pili, muulizane mnakata nini. Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 tu kati ya 1962 na 1964, moja iliuzwa 2018 kwa dola milioni 48.4, sasa watu kwa tamaa wakawa wanachukua Ferrari 250 GTE, gari halali ya watu wanne, wanaichinja kupata chesisi ya kujengea GTO ya bandia. Leo GTE nzima nayo inatafutwa. Kama Datsun ya baba bado nzima, mi roho ingeniuma.

Jaguar wenyewe wakitengeneza XKSS mpya, hiyo feki au?

XKSS ni ile D-Type iliyogeuzwa gari ya barabarani. Moto uliunguza 9 kiwandani Coventry Februari 1957, na 2016 kiwanda kikatangaza kuzijenga upya hizo 9. Mi naziita mpya za kizamani. Sio feki, kiwanda hakijaficha kitu, ila haikuzaliwa 1957 na haitokuja kuzaliwa 1957.

Kwa bibi Mabawa kuna Escort chini ya turubai, ubavuni kama kuna namba imefifia chini ya rangi. Niipige rangi kwanza ndo uje uione?

Weee! Nakuja Jumamosi baada ya adhuhuri. Usipige rangi, usipige msasa, na usiioshe.