Kule Mpakani Kuna Nini?

SWALI: Shikamoo, Mjomba. Naishi Tucson, Arizona. Wanangu wamefundishwa shuleni habari za Coronado, yule Mhispania mvamizi wa kale, sasa hawanipi raha, wanataka niwapeleke kwenye hifadhi yenye jina lake, mpakani na Meksiko. Nasikia ni kimya tupu. Kuna cha kuona kweli?
Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wapeleke. Kiingilio hakuna. Pandeni na gari hadi Montezuma Pass, njia ya mlimani humo hifadhini, kama mita 2,000 juu. Kipande cha mwisho ni barabara ya vumbi yenye kona kali, nenda taratibu. Mimi nilifika asubuhi, nyasi zimekauka rangi ya simba, bonde la San Pedro limelala chini likitokea Meksiko. Nilikaa juu ya jiwe nusu saa nzima, sikusikia ila upepo na ndege mmoja.

Inaaminika Francisco Vázquez de Coronado alipitia bonde hilo mwaka 1540, akitafuta miji saba ya dhahabu. Alichokuta ni vijiji vya Wazuni, wenyeji wa asili wa huko, vya mawe na udongo, akavishambulia. Waambie watoto na hilo, usiwafiche. Tena wasimulie Estevanico, Mwafrika mtumwa kutoka Azemmour, Moroko, aliyetangulia kuitafuta miji hiyo mwaka 1539 akauawa huko Hawikuh, kijiji cha Wazuni. Mimi nilipolitazama lile bonde, huyo ndiye aliyenijia moyoni.

Kuna na pango, la kupanda kwa miguu. Kila mtu abebe tochi yake, na maji ya kutosha.