Usimwage ndoo ya maji kabla hujaliona tundu sakafuni

Mdogo wangu wa Tabora, tafadhali usipande ndege ukiwa na mpango huo. Umeandika kwamba mwezi wa tisa unakwenda kusoma Uingereza kwa kupitia Istanbul, kwamba umepata chumba cha ghorofani katika nyumba ya kupanga, na kwamba mambo ya bafu na choo hayakusumbui, kwa sababu utanunua ndoo na kata hukohuko na kuoga kama unavyooga nyumbani Isevya. Umeuliza pia kuhusu Japani utakakokwenda mkutanoni mwakani, na kama ni aibu kuingia msalani na chupa ya maji. Hiyo ndoo ndiyo iliyonifanya niache chakula mezani nikae kukuandikia.

Mwaka 2017 nilikwenda Leeds, mji wa hukohuko Uingereza, kwa kozi ya miezi mitano. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, na bafu la nyumba yetu lina sakafu ya saruji iliyoinamishwa kidogo kuelekea pembeni, na hapo pembeni pana tundu. Kwetu mtu huoga akiwa amesimama katikati ya bafu, akasugua sakafu kwa sabuni na fagio, akamwaga ndoo ya mwisho, na maji yakaenda zake bila mtu kuyafikiria. Bafu nililolikuta Leeds lilikuwa na hodhi la kuogea lenye pazia la plastiki, na sakafu yake ilikuwa na miraba niliyodhani ni tailizi. Haikuwa tailizi. Lilikuwa kapeti la plastiki lenye michoro ya tailizi, lililotandikwa juu ya mbao.

Sikupenda kusimama ndani ya hodhi wanamooga watu wengine wanne, nikaona usafi ni kuweka ndoo yangu sakafuni na kuogea hapohapo. Nilifanya hivyo kila asubuhi kwa siku kumi na moja. Jumamosi nilimwaga ndoo mbili za maji ya sabuni, nikasugua mpaka chini ya sinki la kunawia, kisha nikatafuta tundu la kuyasukumia maji nikalikosa, nikayakausha kwa dekio. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, lakini nilijiambia kwamba fundi wao alisahau kuliweka.

Kumbe muda wote huo maji yalikuwa yakipenya kwenye kingo za kapeti, yakilowesha mbao, na kutoka kwenye mbao yakishukia bodi za dari la chumba cha chini. Nyumba nyingi za zamani za Uingereza zimejengwa hivyo: ghorofa ya juu haina zege, ni mbao tupu zilizolazwa juu ya boriti, na chini yake dari. Usiku wa siku ya kumi na mbili kipande cha dari hilo, kikubwa kama mlango wa kabati, kiliangukia meza ya jikoni ya mama mmoja mtu mzima aliyekuwa ametoka hapo muda mfupi uliopita kwenda kulala. Nilishuka mbio nimejifunga kanga, nikamkuta amesimama anatazama maji ya kuogea kwangu yakidondokea mkate wake.

Mama yule hakunigombeza. Aliniuliza kwa upole kama kuna bomba limepasuka huko juu, nami kwa hofu nikajibu kwamba ndiyo. Uongo huo uliniongezea gharama, kwa sababu kesho yake aliitwa fundi bomba, akafungua ukuta, hakuona bomba lililopasuka, na malipo yake yakaunganishwa na deni langu. Nilipoteza pauni 500 za amana ya chumba, kisha nikalipa pauni 780 kidogo kidogo mpaka siku ya kuondoka, jumla zaidi ya shilingi milioni 3 na nusu. Zilikuwa fedha za bati za nyumba ya mama. Mama yangu alikaa masika nyingine nzima chini ya paa linalovuja kwa sababu mimi nilitoboa la mtu mwingine, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kosa ni langu, lakini siwezi kumwacha aliyenipotosha. Kabla ya safari tulikalishwa Dar es Salaam kwa saa tatu mbele ya bwana mmoja aliyelipwa kutuandaa, mtu aliyeishi huko miaka mingi. Alitufundisha namna ya kushika uma na kisu, namna ya kumwita mhadhiri, hata namna ya kukunja mwavuli. Dada mmoja alipouliza kuhusu bafu, akajibu kwamba choo ni choo tu, kila mtu aishi kama kwao. Nilipompigia simu baada ya dari kuanguka, alisema alidhani tunajua. Tungejulia wapi? Mtu anayeona haya kutamka neno choo mbele ya watu wazima hafai kumwandaa msafiri, maana uma unaweza kuushika vibaya na hakuna atakayekudai hata senti.

Kwa hiyo ukifika mahali popote, jambo la kwanza tazama sakafu. Kama kuna tundu na sakafu imeinama kulielekea, maji yanaruhusiwa. Kama hakuna tundu, sakafu hiyo ni kavu kama ya sebuleni, na maji yote yabaki ndani ya hodhi, ndani ya sinki au ndani ya choo. Utasimama ndani ya hodhi, pazia utaliingiza upande wa ndani ili maji yasitiririke nje, na ukitaka kutumia ndoo na kata, utaviweka humohumo. Ukichukia kukanyaga walipokanyaga wengine, sugua hodhi kwanza na uvae kandambili.

Chupa ya maji ya kuchambia si aibu hata kidogo, ibebe. Tofauti ni kwamba utajisafisha ukiwa umekaa, maji yaangukie ndani ya choo, kisha ujikaushe kwa karatasi na ufute kikalio kabla ya kutoka, maana anayefuata akikuta matone hawezi kujua kwamba ni maji safi. Usipande juu ya choo cha kukaa ili uchuchumae. Kinaweza kuvunjika, na kigae chake kikivunjika kinakata kama wembe. Istanbul hutahitaji chupa, kwa sababu vyoo vingi vya Uturuki vina kibomba kidogo ndani ya choo chenyewe na koki yake iko ukutani karibu na mkono. Waitaliano nao tangu 1975 wanatakiwa kisheria kuweka katika kila nyumba sinki la chini la kujisafishia, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba Ulaya nzima hawajui maji.

Japani kanuni ni ileile, ila inakupeleka upande wa pili. Chumba chao cha kuogea kina tundu sakafuni, na unatakiwa uoge na kusuuza sabuni yote ukiwa nje ya hodhi, ndipo uingie humo kujipasha moto, kwa kuwa maji yale wataingia wengine baada yako. Ukiingia na sabuni kama Mwingereza, umewaharibia wote. Choo kwa kawaida kiko chumba cha peke yake na kina ndara zake, ambazo huziachi miguuni ukitoka.

Halafu huko Uingereza taa ya bafuni mara nyingi huwashwa kwa kuvuta kamba inayoning'inia kutoka darini. Ukiona kamba nyekundu katika choo cha watu wenye ulemavu, usiivute, hiyo ni ya kuita msaada.

Siku utakayofika, kabla hujafungua begi, piga picha ya sakafu ya bafu, pembe zote nne na chini ya sinki, uiweke hapa. Nitakuwa macho hata kama kwetu Kigoma ni usiku wa manane. Usioge mpaka nikujibu.